Urbain Kapenda na Breve ya Kuzamia

Urbain Kapenda alikuwa mtu wa karatasi. Nyumba yake ya matofali ilikuwa Shituru, mtaa wa mji wa Likasi katika jimbo la Katanga, katika mstari wa nyumba za wafanyakazi zinazotazama reli, na ukuta wa sebule yake ulijaa fremu. Kulikuwa na cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la sita, cheti cha huduma ya kwanza na kibali cha baiskeli. Kulikuwa pia na kadi ambayo Wabelgiji walimpa mwaka 1955 kuthibitisha kwamba ni mtu aliyestaarabika, baada ya mkaguzi kuja kwake, kufungua kabati la jikoni na kuhesabu uma. Kati ya ubatizo na baiskeli kulikuwa na nafasi, na Urbain alikuwa amekwisha kupigilia msumari hapo.

Alikuwa karani wa ghala kiwandani. Alizaliwa upande wa Kakanda, kwenye kilima ambako maji yalifika nyumbani kichwani mwa mwanamke, ndani ya mtungi, na hadi kufikia miaka thelathini na minne hakuwa ameingia maji yaliyopita goti. Mke wake Marceline alikuwa kinyume chake. Alizaliwa kando ya ziwa la bwawa la umeme, huko Mwadingusha, kwa wavuvi wa Kisanga, na alijua kuogelea kabla ya kujua kusali. Aliuza samaki wakavu sokoni Kikula. Karatasi aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, kibali cha soko, na aliiweka ndani ya kopo la chumvi.

Katanga ilijitangaza kuwa nchi siku kumi na moja baada ya Kongo nzima kupata uhuru. Likasi, ambayo kwenye ramani za Wabelgiji iliitwa Jadotville, iliamka ikiwa na bendera mpya, wimbo mpya na makatibu wengi. Wazungu walifunga vitanda juu ya magari wakakimbilia Rhodesia. Nusu yao walirudi mwezi uliofuata, walipopata habari kwamba mishahara bado inalipwa na bia bado ni baridi.

Waliobaki wa klabu ya maji ya mjini walikuwa wachache. Walikuwa na bwawa la kuogelea, mashua moja ziwani na vifaa vya kuzamia vya wenzao waliotoroka. Mwanzoni mwa 1961 waliambiwa na wakubwa kwamba waandishi wa habari wa nje watakuja kuona jinsi rangi zote zinavyoendelea pamoja katika nchi mpya, na klabu isiyokuwa na mwanachama mweusi ingeharibu picha. Basi klabu ikabandika tangazo kwenye lango la kiwanda: mafunzo kwa raia, mwisho wake *brevet* rasmi ya *plongeur*.

Urbain alisoma neno breve, yaani cheti, na macho yake hayakuendelea mbele. Aliandikisha jina siku hiyo hiyo.

Jioni, wakila bukari, ugali wao, kwa samaki, alitangaza habari. Jirani yao Adolphe, mpishi katika hoteli ya mjini, alikuwa amekaa nao.

"Breve ya nini?" Marceline aliuliza.

"Ya plongeur."

Adolphe aliacha kutafuna. "Plongeur? Kwetu ku hoteli tuko nabo babili. Banaosha masahani."

Marceline alimgeukia mume wake.

"Baba Suzanne, minye niko mu hii nyumba myaka kumi na moja. Sijaona weye unaosha hata kikombe. Sasa unaenda kuosha ya bazungu, na banakupa karatasi juu ya ile?"

Kesho yake asubuhi Urbain alikwenda klabuni kufuta jina lake. Alimkuta mwalimu, Monsieur Georges, Mbelgiji mwembamba aliyekuwa fundi wa mitambo na ambaye hakutoroka kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, hakuna mtu Ubelgiji aliyemwomba arudi. Georges alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaeleza kwa Kiswahili chake cha karakana:

"Hapana masahani, Kapenda. Plongeur ingine. Weye unavaa chupa ya hewa ku mugongo, unaingia chini ya mayi, unabakia kule sawa samaki, kisha unarudia."

"Na kama sirudie?"

"Basi hatutoe breve."

Urbain alifurahi kwa dakika nzima kwamba heshima yake haikuguswa. Dakika ya pili, neno maji lilimfikia. Lakini alikuwa amechelewa. Majina yalikuwa yamekwisha kupelekwa Élisabethville, mji mkuu wa nchi mpya, na aliyeyapeleka ni Bwana Ambroise.

Ambroise huyu alikuwa mwalimu wa shule hadi Juni ya 1960. Tangu Julai alikuwa Katibu wa ofisi moja mpya ambayo kazi yake yote ilikuwa kugonga muhuri. Uuze nyanya, usafiri, uoe, uzike, lazima karatasi yako ipite mezani kwake ipate alama ya misalaba mitatu ya shaba, nembo ya Katanga. Muhuri wenyewe aliubeba ndani ya kisanduku cha bati, na hakukiacha hata akienda msalani. Vilevile aliongoza Kamati ya Sikukuu ya Uhuru. Alimwambia Urbain kwamba mnamo Julai 11, mwaka wa kwanza wa taifa utakapotimia, mpiga mbizi wa kwanza wa Katanga atapewa breve namba moja mbele ya watu.

"Sasa kujitoa iko uhaini," alisema. Alisema hivyo kwa tabasamu, lakini alisema.

Wanafunzi walikuwa wawili. Wa pili, Étienne, alikuwa koplo wa jandarma, askari wa Katanga, na siku ya kwanza aliruka majini akavuka bwawa mara nne bila kupumzika. Wiki ya pili kikosi chake kilipelekwa kaskazini kupigana, mahali pakavu kabisa. Katanga ikabaki na Urbain.

Siku ya kwanza Urbain alifika klabuni amevaa tai. Mtu mweusi pekee aliyewahi kupita mlango ule kabla ya hao wawili alikuwa mfagia majani. Kibao cha zamani cha langoni kilichoeleza nani aingie na nani asiingie kilikuwa kimeondolewa, lakini mahali pake palikuwa bado na mstatili wa rangi nyeupe zaidi, na matundu manne ya skrubu. Ndani ya chumba cha kubadilishia nguo Urbain alivaa kaptula ya kuogelea aliyoshonewa na fundi wa Kikula kwa kitambaa cha kaki. Ilikuwa imepigwa pasi, na mkunjo wake ulisimama wima.

Masomo ya nadharia aliyapenda sana. Alinunua daftari, akaandika kwa mwandiko wa ghala: ukishuka mita kumi uzito wa hewa unakuwa mara mbili; masikio yakiuma, bana pua upulize; usizuie pumzi hata kidogo unapopanda juu, mapafu yatapasuka kama mfuko. Baada ya mwezi mmoja aliweza kueleza, kwa Kifaransa safi, njia nne za mtu kufa chini ya maji. Elimu hiyo haikumsaidia kutia uso ndani ya bwawa. Alisimama upande wa watoto, maji kiunoni, miwani ya kuzamia usoni, mdomo wa mpira kinywani, akipumua hewa ya chupa huku kichwa chake kikiwa juu kwenye hewa ya bure.

"Kapenda," alisema Georges akiwa ukingoni na sigara yake, "mayi haijasoma daftari yako. Ingia."

Alipoingia, siku ya sita ya mazoezi ya bwawani, aliingia kwa sababu aliteleza. Mshipi wenye vipande vizito vya risasi vya kuzamishia ulimpeleka chini taratibu hadi akakaa kwenye vigae kama mtu anayengoja treni. Georges akashuka naye, akaunda duara kwa kidole gumba na cha shahada, kumuuliza kama mambo ni sawa. Urbain, ambaye kila siku ghalani alijibu mabosi kwa kuinua kidole gumba, aliinua kidole gumba. Chini ya maji ishara hiyo ni moja tu: nipandishe juu. Georges akamshika mkono akampandisha. Wakashuka tena. Georges akauliza, Urbain akajibu mambo ni mazuri sana, Georges akampandisha. Ilikuwa hivyo mara saba.

"Lakini nilikuambia iko muzuri," Urbain alilalamika alipotoa mpira kinywani.

"Iko mu daftari yako, ukurasa ya tatu. Weye mwenyewe uliandika."

Mwezi Juni Georges alimwambia Katibu waziwazi kwamba mwanafunzi hajawa tayari. Hajui kuelea, hajaweza kuvua miwani chini ya maji na kuirudisha, hajafika hata mita nne.

"Nadharia amepata ngapi?" Ambroise aliuliza.

"Kumi na tisa juu ya ishirini."

"Basi?"

"Basi ziwa halina karatasi ya maswali, Bwana Katibu. Sitatia sahihi."

Ambroise alitia sahihi yeye mwenyewe, kwenye mstari wa mwalimu, akagonga muhuri juu yake.

Siku ya sikukuu Kamati ilitaka mpiga mbizi aonekane kama mpiga mbizi. Urbain alitakiwa kuvaa nguo nzima ya mpira, chupa mgongoni, mapezi miguuni. Nguo iliyopatikana iliachwa na bibi mmoja wa Kibelgiji, mpenda michezo lakini mfupi. Haikuingia mwilini bila kupakwa poda, na poda haikuwepo, kwa hiyo Marceline alitumia unga wa muhogo. Ulikwenda karibu nusu ya beseni.

Asubuhi za Julai ni baridi Likasi, na saa mbili Urbain alijiona mwenye bahati kuliko wote uwanjani. Saa tano jua lilikuwa limewaka na hotuba ya tatu ilikuwa haijafika katikati. Saa sita alikuwa hasikii tena maneno, alisikia mpira tu ukimbana shingo. Jina lake liliposomwa alikwenda mbele kwa mapezi, akiinua goti moja baada ya lingine kama jogoo aliyekanyaga matope, na katika ngazi ya pili ya jukwaa pezi la kushoto likakanyaga la kulia. Alianguka kifudifudi na chupa ikamfuata ikamgonga kisogo. Kutoka kwenye kola ya nguo yake lilitoka wingu jeupe la unga, likapanda polepole mbele ya wageni wa heshima, likatua juu ya suruali nyeusi ya Bwana Ambroise.

Gazeti liliandika kwamba raia Kapenda, kwa kuzidiwa na uzalendo, aliinama mpaka chini mbele ya bendera.

Kikula hawakusoma gazeti. Kikula walimwita Samaki ya Unga, yaani samaki aliyekwisha kupakwa unga na kubakiza kukaangwa tu. Watoto wa Shituru walimwita hivyo alipopita na baiskeli. Alitundika breve namba moja kwenye msumari wake, kisha akagundua kwamba akila anaketi akiwa ameipa mgongo. Hakuwa ameketi upande ule tangu wahamie.

Mambo yangeishia hapo, na Urbain angezeeka na karatasi yake ya uongo kama wengi walivyozeeka na zao, lau Bwana Ambroise hangekwenda kutembea ziwani. Ilikuwa Jumapili ya mwezi Agosti. Alichukua mashua ya klabu pamoja na dada mmoja ambaye hakuwa mke wake, akaenda naye karibu na ukuta wa bwawa la Mwadingusha, pale ambapo maji yamefunika mkondo wa zamani wa mto Lufira. Akasimama katikati ya mashua kumwonyesha umeme wa taifa unatoka wapi. Mashua ikalala upande. Katibu alishika ukingo kwa mikono miwili, jambo la busara, isipokuwa mkono mmoja ulikuwa umeshika kisanduku cha bati.

Jumatatu ofisi ilifungwa. Tangazo mlangoni lilisema muhuri umekwenda katika safari ya kikazi.

Ndani ya wiki moja mji ulianza kukwama. Maiti mbili zilingoja vibali vya kuzikwa mpaka jamaa wakazizika usiku bila muhuri. Kibali cha soko cha Marceline kilikwisha muda, na polisi wa soko, ambao hawajali muhuri umesafiri au umelala, walianza kufukuza wauza samaki. Marceline aliuza kwa kujificha nyuma ya gereji, samaki ndani ya kanga kama mtoto aliyelala. Yule dada wa mashua alikuwa na shangazi sokoni, kwa hiyo hadi Ijumaa wanawake wote wa mstari wa samaki walikuwa wamejua safari ya kikazi ilikuwa ya wapi.

Georges alikwenda kwa Katibu mwenyewe. "Ni mita tisa au kumi. Nitakitoa kisanduku kesho asubuhi kabla ya kahawa."

"Haiwezekani," alisema Ambroise. "Muhuri wa nchi huru kuokolewa na Mbelgiji? Watu watasemaje?"

"Kwani itakuwa mara ya kwanza kusema kwamba Wabelgiji wanawashikilia?"

Ambroise hakupenda jibu hilo. Akatuma gari Shituru likamlete mpiga mbizi namba moja wa Katanga.

Urbain alisikiliza amri akiwa amesimama, kofia mkononi. Alitoka pale akaenda moja kwa moja nyuma ya gereji, kwa mke wake, akamwambia jambo ambalo hakuwa amewahi kulisema kuhusu karatasi yoyote: kwamba ile ya ukutani si ya kweli, na akishuka ziwani atakufa.

Marceline alifunga kanga juu ya samaki. "Najua. Minye nilikupaka unga. Unafikiri sikuona weye unatetemeka?" Akafikiri kidogo. "Yule Muzungu anaomba siku ngapi ya kukufundisha muzuri?"

"Wiki sita."

"Basi Katibu atangoja wiki sita. Muhuri haitaoza. Na Jumamosi, weye unakuja na minye kwa baba yangu."

Katibu alilia sana kuhusu wiki sita, lakini hakuwa na mtu mwingine mwenye breve.

Jumamosi walipanda treni na lori hadi kijijini kwa wakwe. Marceline alifunga kitenge kifuani, akamwingiza mume wake ziwani mpaka mabegani, akamwambia alale chali. Hakueleza sheria yoyote ya maji. Aliweka kiganja chake chini ya kisogo cha Urbain, akasema neno moja.

"Kaa."

"Nitazama."

"Unazama juu ya kushindana na mayi. Kaa."

Alikakamaa kama ubao, akameza maji, akakohoa, akalala tena. Mama mkwe na wavuvi watatu walitazama kutoka ufukweni bila kuficha furaha yao. Jumamosi ya pili, wakati fulani karibu na saa nne, Urbain aliona mawingu na hakusikia kitu, na alipotaka kumwambia Marceline asiondoe mkono alimwona amesimama hatua tano mbali, anajifunga kitenge upya. Alizama papo hapo kwa mshtuko. Lakini kilichotokea kilikuwa kimetokea, naye alikijua. Siku hiyo aliacha daftari kijijini, na hakulirudia.

Mwezi wa tisa vita vilikuja mpaka mjini. Kwa siku kadhaa jandarma walipigana na askari wa Umoja wa Mataifa pembezoni mwa mji, barabara zikafungwa, kazi zikasimama, na ndege moja ya kivita ilipita juu ya paa ikienda na kurudi. Georges alifungua klabu kama kawaida, kwa maelezo kwamba hakuna mtu mwingine anayetumia bwawa. Urbain alikaa chini, mita tatu, akavua miwani yake, akaona dunia ya kijani isiyo na umbo, akairudisha usoni, akapuliza kwa pua mpaka maji yakatoka. Alirudia mara kumi na mbili. Kule chini ndege haikusikika. Georges alipomuuliza kwa vidole kama mambo ni sawa, alijibu kwa duara.

Alishuka ziwani Jumamosi moja ya Oktoba, asubuhi, joto likiwa limekwisha kuanza. Ndani ya mashua walikuwa Urbain, Georges, Ambroise na Marceline. Katibu alisema hakumwalika mwanamke. Marceline alimwuliza kama angependa kupiga kasia yeye mwenyewe, naye akasogea kumpisha.

Georges alipoanza kuvaa chupa yake, Ambroise aliinua mkono.

"Tulikubaliana hutagusa."

"Hakuna mtu anayezamia peke yake. Nitashuka kama mtalii. Kitu cha taifa sitakigusa."

Walishuka kwa kufuata kamba ya nanga. Katika mita tatu masikio yalimuuma Urbain, akabana pua, akapuliza, yakafunguka. Katika mita tano mkono wake mwenyewe ulikuwa kivuli. Chini kabisa hapakuwa na kitu cha kuona, kulikuwa na tope laini na baridi ambalo lilipokea magoti yake kama unga. Alipapasa. Alipata chupa ya bia, kisha kiatu cha mwanamke chenye kisigino, ambacho kilimwonyesha kwamba yuko mahali penyewe. Akasogea mbele, na kitu kikamshika mgongoni.

Ulikuwa mti, mmoja kati ya ile iliyofunikwa na maji bwawa lilipojengwa, na tawi lake lilikuwa limeingia kati ya mabomba yake ya hewa na chupa. Alivuta, likamkaza. Pumzi zikawa fupi fupi, zisizoshiba. Ndipo alipoacha kuvuta. Alilegeza mwili wote, akakaa kwenye tope, akahesabu pumzi nne ndefu. Kisha akarudi nyuma badala ya kwenda mbele, na tawi likatoka lenyewe. Aliponyoosha mkono kujishikiza, vidole vyake viligusa kona ya bati.

Georges hakumruhusu kupanda. Alimsogelea mpaka miwani yao ikagusana, akapitisha kiganja shingoni mwake mwenyewe: sina hewa. Hewa alikuwa nayo tele. Huu ulikuwa mtihani. Urbain alivuta pumzi, akatoa mpira kinywani mwake, akampa. Walipokezana, pumzi mbili mbili, katika giza lile, kisanduku cha taifa kikiwa kwapani. Kisha Georges akamgusa miwani. Urbain akaivua, akairudisha, akaitoa maji. Wakapanda polepole kuliko mapovu yao.

Kisanduku kilikuwa kimepata kutu, na kilipowekwa ubaoni kifuniko kikaanguka. Muhuri ulikuwepo. Chini yake kulikuwa na karatasi mbili zilizolowa, na Urbain, ambaye hakuwahi kuona karatasi akaacha kuisoma, alisoma kwa sauti huku maji yakimchuruzika puani. Ya kwanza ilikuwa ruhusa ya kuingia na kukaa Rhodesia ya Kaskazini, ya mwaka mzima, kwa Ambroise, mke, watoto watano na gramafoni moja. Ya pili ilikuwa kadi ya uanachama wa chama kimoja cha Léopoldville, makao ya serikali ya Kongo, kile ambacho Katibu alikitukana jukwaani kila sikukuu. Ilikuwa imelipiwa hadi Desemba.

"Hizo ni siri za nchi," Ambroise alisema.

"Nchi gani?" Marceline aliuliza. "Iko mbili humu, na yetu hapana."

Georges aliwasha sigara akatazama mlima. Marceline akatoa kibali chake cha soko ndani ya kopo la chumvi, akakikunjua juu ya goti la Katibu. Ambroise aligonga muhuri uliolowa. Marceline akatia mkono tena, akatoa vibali vya wanawake wote wa mstari wa samaki, alivyokuwa amevikusanya tangu Alhamisi, na Katibu akagonga kimoja kimoja, mashua ikiyumba, bila kusema neno la uzalendo.

Jumatatu iliyofuata Georges alimpa Urbain breve ya kweli. Ilikuwa kadi ndogo ya kijivu, imeandikwa kwa kalamu: jina, tarehe, mita kumi, na sahihi ya mwalimu. Urbain aliigeuza.

"Haina muhuri," alisema.

"Haina."

Aliisoma mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati. Baiskeli yake ilipita kati ya watoto wa Shituru na wakamwita jina lao la kawaida. Safari hii aliwapungia mkono.

Nchi ya misalaba mitatu ilidumu miaka miwili na nusu. Mnamo Januari 1963 askari wa Umoja wa Mataifa waliingia mjini, na Bwana Ambroise akavuka mpaka na gramafoni yake. Hakukaa sana kule. Mwaka uliofuata alirudi akiwa katibu tena, ofisi nyingine, bendera nyingine, na waliomsikia walisema hotuba zake zilikuwa zimeongezeka ufasaha. Georges alihamia Kolwezi kutengeneza mashine.

Bwawani Mwadingusha majani ya maji yalikuwa yanaziba nondo za mlango wa kuingizia maji kwenye mitambo, na wazamiaji wa Kizungu waliokuwa wakiyaondoa hawakuwepo tena. Urbain aliacha ukarani akaenda kuomba kazi. Msimamizi alimwuliza ana nini cha kuonyesha. Urbain alivua shati, akaingia majini, akakaa huko mpaka msimamizi akaanza kuwa na wasiwasi, akatoka na mikono miwili ya majani meusi. Walimwandika siku hiyo.

Familia ilihamia karibu na ziwa. Marceline alipata pa kukaushia samaki bila kuomba ruhusa ya mtu, na saa sita alikuja ukutani mwa bwawa kuwauzia wafanyakazi. Aliketi akitazama mapovu, ayajue yako wapi, huku akibishana na wateja. Siku moja katika mwezi wa kwanza wa kazi, mapovu yalikawia kusogea. Aliacha kubishana. Mwishowe Urbain akatokea karibu na ngazi, akavuta miwani mpaka kwenye paji la uso.

"Umekawia," alisema Marceline.

"Majani ilikuwa mingi."

"Vala shati. Upepo iko."

Akapanda ngazi, akavaa shati, akachukua samaki mmoja kwenye beseni. Marceline akampiga kofi mkononi, kisha akamwachia.